Rasimu ya kwanza ya bosi

Saa nne usiku, mkurugenzi mmoja alinitumia rasimu ya barua. Mfanyakazi aliyeacha kazi wiki hiyo alikuwa amewaandikia wenzake kwenye kundi la WhatsApp: saa za ziada za miezi mitatu hazijalipwa, msimamizi hutukana watu mbele ya wateja, na uongozi "haujali mtu". Bosi naye akaanza hivi: "Nimesikitishwa sana na tuhuma zisizo na msingi za mtu ambaye kampuni hii ilimlea." Nilihesabu. Mara kumi na moja alijizungumzia yeye: alivyoanza bila mtaji, asivyolala, alivyojinyima. Kuhusu saa za ziada, hata neno moja.

Kazi yangu ni kuwashauri viongozi kuhusu mahusiano kazini, na rasimu za aina hii nimezizoea. Simlaumu mtu, kusemwa hadharani kunauma. Ila bosi hukosea kujua msomaji wake ni nani. Anadhani anamjibu aliyeondoka, kumbe wanaosoma kila mstari ni waliobaki, na hao wanajua tayari kama wamelipwa au la.

Kwa hiyo naanza kwa kupepeta malalamiko. "Haujali mtu" hulithibitishi wala hulikanushi. Ukijibu "tunajali", mmeanza kubishana. Saa za ziada zina karatasi. Jibu lenye karatasi kwanza.

Machi 2012, mfanyakazi Greg Smith aliiaga Goldman Sachs, benki ya uwekezaji ya Marekani, kwa makala kwenye New York Times. Alidai, pamoja na mengine, kwamba ndani ya mwaka mmoja aliwasikia wakurugenzi watano wakiwaita wateja wao kwa jina la kebehi. Lloyd Blankfein na Gary Cohn, wakuu wa kampuni, wakawaandikia wafanyakazi siku hiyohiyo wakitaja utafiti wa ndani: asilimia 89 ya wafanyakazi wa ngazi zote walisema wateja wanahudumiwa vizuri mno. Sina sababu ya kuitilia shaka hesabu hiyo. Lakini je, hao watano walisema au hawakusema? Siku chache baadaye Reuters iliripoti kwamba kampuni ilikuwa inapekua barua pepe za ndani kulitafuta neno lile la kebehi. Hapo ndipo pa kuanzia.

Uber, Februari 2017, aliyekuwa mhandisi wake Susan Fowler alipoeleza hadharani unyanyasaji wa kijinsia alioupata pale, Travis Kalanick, mkuu wa kampuni wakati huo, aliagiza uchunguzi. Kufikia Juni zaidi ya watu 20 walikuwa wamefukuzwa, na mwezi huohuo Kalanick mwenyewe akajiuzulu. Wateja wangu hawapendi mfano huu, na nawaelewa: uchunguzi wa kweli hauahidi kuishia kwenye mlango wa mtu mwingine.

Kuna kishawishi kimoja nakikataza kabisa, nacho ni faili la mtumishi. Bosi akianika barua za onyo au vyeti vya ugonjwa vya mlalamikaji, waliobaki hawaoni ukweli ukitoka. Wanaona siku yao inakuja. Na kama mlalamikaji bado yupo kazini, barua ya kujieleza ikimfikia wiki ileile itasomeka kama kisasi, hata kama kosa lake ni la kweli.

Mkurugenzi wangu alikubali kulala kwanza. Asubuhi alimwita mhasibu wa mishahara, na fomu zikapatikana: zilikuwa kwenye droo ya msimamizi, hazijasainiwa, za watu tisa. Barua iliyotoka ilikuwa fupi: "Saa za ziada za wenzetu tisa hazikulipwa kwa miezi mitatu. Zitalipwa Ijumaa hii. Naomba radhi. Kuhusu lugha ya msimamizi, leo naanza kuwasikiliza, yeye na ninyi. Bado sijaamua lolote." Kwenye "naomba radhi" tulivutana karibu saa nzima. Yeye alitaka "tunasikitika kwa usumbufu".

Aliyeondoka hakujibu. Jumatatu wafanyakazi wawili wengine walibisha hodi wakiwa na fomu zao, za mwaka uliopita. Bosi akanipigia simu: "Sasa na hawa je?"