Fungasha kwa ajili ya saa utakayosimama

Kabla ya kuongoza watu kwenye matembezi ya siku nyingi wakati wa kiangazi, huwa namwomba kila mmoja amwage begi lake sakafuni nione alichobeba. Mara nyingi nakuta fulana tano au sita, jinzi, na koti moja zito. Katikati hapo hakuna kitu. Mwenyewe kaangalia utabiri, kaona mchana nyuzijoto 24, kafungasha nguo za nyuzijoto 24. Koti kaliongeza kwa sababu roho ilikataa kuliacha.

Mchana wa nyuzijoto 24 haunisumbui. Mtu anayepanda mlima na mzigo mgongoni anazalisha joto mara nne na zaidi ya lile la mtu aliyekaa kitako, ndiyo maana hata asubuhi ya nyuzijoto 8 unaweza kutembea na shati moja tu. Baridi inamkamata aliyesimama. Kwa hiyo mimi huanza na swali hili: katika safari nzima, ni saa ipi nitakuwa nimetulia, nimelowa, na upepo unanipiga? Nguo zangu zote nazichagua kwa ajili ya saa hiyo.

Nilijifunza hili kwa kijana mmoja niliyekuwa naye mwezi wa Julai. Bondeni tulipoanzia palikuwa na joto la kutosha, tukapanda kama mita 1,500 hadi kwenye uwazi kati ya vilele viwili. Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzijoto 6.5 kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo pale juu tulikuwa tumeshapoteza karibu nyuzijoto 10, na upepo ulikuwa mkali. Alikaa kula akiwa na fulana ya pamba iliyoloa jasho mgongo mzima. Baada ya dakika kumi hivi alivaa koti. Nikamwona ameshika ncha mbili za zipu, anaziangalia, anajaribu kuzikutanisha, vidole vimekataa. Nikamfungia mimi. Bado akaendelea kutetemeka, mpaka nilipomvua koti, tukaitoa ile fulana, nikampa shati langu kavu. Hapo ndipo koti lilipoanza kufanya kazi.

Maji hupitisha joto takriban mara 25 kuliko hewa iliyotulia. Ukivaa koti juu ya fulana iliyoloa, umelifunika tatizo tu, bado limegusa ngozi. Hivyo nguo ya kwanza ndiyo ninayoifikiria zaidi kuliko zote. Pamba hunywa maji na kuyang'ang'ania. Poliesta hainywi karibu chochote, hukauka haraka mwilini, ila siku ya tatu harufu yake si ya kuvumilika. Sufu laini inaweza kubeba unyevu wa karibu theluthi ya uzito wake kabla hujahisi kuwa umelowa, na hainuki upesi. Inachelewa kukauka kidogo na hutoboka mapema. Mimi huchukua sufu nyepesi. Anayetoka jasho jingi namshauri poliesta. Kwa vyovyote vile, mbili zinatosha: moja ya kutembea, moja ya kulala.

Napendelea mikono mirefu hata jua likiwaka. Watu hushangaa. Lakini miale inayounguza ngozi huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila mita 1,000, na shati jepesi lenye kola linakinga siku nzima bila kukumbushwa, tofauti na mafuta ya kupaka.

Juu yake inakuja sweta nyembamba inayoweza kuvaliwa ukiwa unatembea, kisha jaketi la joto la kuvaa ukisimama. Jaketi la manyoya ya bata ni jepesi na linabanwa likawa dogo kama ngumi mbili, ila likilowa manyoya yanagandamana na joto karibu lote linakwisha. Palipo na mvua za mara kwa mara nachukua lenye ujazo wa poliesta, ingawa ni zito zaidi, kwa kuwa hata likiwa na unyevu bado linasaidia.

Koti la mvua ndilo linalouzwa kwa maneno mengi kupita yote. Linaambiwa linapumua. Ni kweli kwamba mvuke hupita, lakini unapita kwa sababu ndani kuna unyevu mwingi kuliko nje. Mvua ya kiangazi yenye fukuto ikinyesha, tofauti hiyo inakuwa ndogo, na ukipanda kwa kasi utaloa kwa ndani. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza kitambaa ni cha aina gani, angalia zipu za kwapani na kofia inayokazwa vizuri. Halafu punguza mwendo.

Suruali nyepesi ya nailoni, kaptula ukipenda, soksi jozi tatu. Kofia ya jua. Kofia ya sufu na glavu nyembamba pia, hata kiangazi. Vyote viwili havifikii gramu 150, na yule kijana angekuwa na glavu zipu ingefungika.

Kabla hujafunga begi, vaa vyote kwa pamoja, kimoja juu ya kingine. Kama koti la mvua halipiti juu ya jaketi bila kulibana, umenunua saizi isiyofaa, maana jaketi likibanwa linapoteza hewa inayokutia joto. Ukishavaa vyote, ujiulize kama ungeweza kukaa hivyo saa nzima nje, alfajiri, bila kutembea. Fulana ya tatu na ya nne haziwezi kukusaidia hapo. Zitoe.

Lililo gumu ni hili la shati la kulala. Linakaa kwenye mfuko usiopitisha maji, na halitoki mpaka umeingia kwenye hema. Asubuhi unalivua, unalirudisha mfukoni, na unavaa lile la jana ambalo bado lina ubichi na baridi. Dakika kumi za mwanzo utachukia. Anza kutembea mara moja, kabla hata hujafunga mikanda yote ya begi, na litaanza kukaukia mwilini.