Wachezaji Wamehama, Timu Haijafa

Kila mwaka fainali za mpira wa kikapu wa vyuo vya Marekani zikishapita, hapa Lexington, Kentucky, mabishano hayalali. Mji huu una Wakongo wengi, na kwa kinyozi au nje ya kanisa baada ya ibada utasikia timu ya Chuo Kikuu cha Kentucky ikichambuliwa kwa Kiswahili cha Lubumbashi, cha Bukavu, hata cha Dar es Salaam. Ni mabishano matamu. Ila yamejaa dhana tulizozibeba kutoka kwenye soka la nyumbani, au kutoka enzi ya kikapu ambayo imeshapita, na mara nyingi wanaoumia ni vijana wa miaka 19 wanaoitwa wasaliti kwa jambo ambalo hatujalielewa.

Dhana inayonisumbua kuliko zote ni hii: wachezaji wengi wakiondoka, timu imekufa.

Aprili 2024 tuliamini hivyo karibu sote. Kentucky ilikuwa imetolewa raundi ya kwanza ya mashindano ya taifa na Oakland, 80–76, Jack Gohlke wa Oakland akitupia pointi tatu mara kumi. Haujapita mwezi, John Calipari, kocha wa misimu 15, akahamia Arkansas. DJ Wagner, Adou Thiero na Zvonimir Ivisic wakamfuata. Reed Sheppard na Rob Dillingham wakaenda NBA, ligi ya kulipwa. Mark Pope, nahodha wa kikosi kilichotwaa ubingwa wa 1996, alipokabidhiwa timu hakukuta hata mchezaji mmoja mwenye ufadhili wa masomo aliyebaki. Watu walizungumza kama walio msibani.

Ukweli ni kwamba Pope hakutafuta majina, alitafuta kazi zinazohitaji mtu. Alitaka mtupaji wa mbali, akamchukua Koby Brea wa Dayton, aliyekuwa ameongoza nchi nzima kwa asilimia ya pointi tatu. Alitaka mlinzi asiyetetemeka dakika za mwisho, akamchukua Lamont Butler, ambaye mtupo wake wa sekunde ya mwisho uliipeleka San Diego State fainali mwaka 2023. Kutoka Drexel akamleta Amari Williams, mtu mrefu anayejua kugawa mpira. Otega Oweh alikuwa na wastani wa pointi 11 hivi akiwa Oklahoma. Kwetu akavuka 16. Msimu ukaisha kwa ushindi 24 na vipigo 12, na timu ikafika hatua ya timu 16 bora kwa mara ya kwanza tangu 2019, tena Jaxson Robinson akiwa nje kwa jeraha la mkono. Arkansas ya Calipari nayo ikafika hatua hiyohiyo. Msiba tuliokuwa tukiulilia haukuwapo upande wowote.

Kwa hiyo ndugu yangu akinihesabia walioondoka, mimi humuuliza: alikuwa akifanya kazi gani uwanjani, na nani ataifanya sasa? Hapo ndipo mjadala wa maana unapoanzia.

Dhana nyingine inatoka moja kwa moja Kariakoo: kwamba chuo kimemnunua mchezaji, kama Simba au Yanga wanavyovunja mkataba wa mtu. Sivyo. Chuo kinachompokea mchezaji hakitozwi ada ya uhamisho kama ya klabu kwa klabu, ingawa siku hizi baadhi ya mikataba ya malipo ina vipengele vya fidia mchezaji akiondoka mapema. Potali ya uhamisho, iliyoanza Oktoba 2018, ni orodha tu ya kompyuta: mchezaji anaomba jina lake liingizwe, na likishaingia makocha wengine wanaruhusiwa kuzungumza naye. Zamani aliyehama alikaa nje msimu mzima. Mwaka 2021 akaruhusiwa kuhama mara moja bila adhabu hiyo, na Aprili 2024 akaruhusiwa kuhama zaidi ya mara moja na kucheza papo hapo, alimradi masomo yake yako sawa.

Na kuingia potali si kuondoka. Anaweza kujiondoa na kurudi alikokuwa, japo chuo nacho kina haki ya kumkatia ufadhili. Vivyo hivyo kwa drafti ya NBA, yaani zoezi la timu za ligi hiyo kuchagua wachezaji wapya: Oweh alijipima mwaka 2025, akasikiliza ushauri, akarudi Lexington. Waliokuwa wameshamfuta kwenye kikosi walijisumbua bure.

Halafu kuna dhana kwamba timu yenye vijana wa nyota tano lazima ishinde. Nyota hizo wanapewa vijana wakiwa bado sekondari, na wanaozitoa ni wachambuzi wanaokisia kesho yao. Kisio lao mara nyingi ni sahihi kwa mchezaji mmojammoja, lakini haliisemei timu. Rutgers ya 2024–25 ilikuwa na Dylan Harper na Ace Bailey, ambao drafti ya 2025 iliwachukua wa pili na wa tano. Timu ilimaliza na ushindi 15 na vipigo 17, haikugusa hata mashindano ya taifa. Mwaka huohuo Florida ikatwaa ubingwa kwa kuifunga Houston 65–63, na nguzo zake tatu zilikuwa za kuhamia: Walter Clayton Jr. kutoka Iona, Alijah Martin kutoka Florida Atlantic, Will Richard kutoka Belmont. Vyote vilikuwa nje ya ligi kubwa za vyuo. Lakini msiruke upande wa pili mkasema sasa ni potali tu! Alex Condon na Thomas Haugh wa Florida hiyohiyo walianzia hapo chuoni.

Ninapofika kwa wanaosema anayehama hana uaminifu, naomba wamkumbuke mtoto wa Lubumbashi. Oscar Tshiebwe aliondoka West Virginia katikati ya msimu, akajiunga na Kentucky Januari 2021. Msimu wa 2021–22 akachukua wastani wa ribaundi (mipira inayorudi baada ya mtupo kukosa) 15.1 kwa mchezo, akatajwa mchezaji bora wa taifa. Hata usiku ule mchungu chuo kidogo cha Saint Peter's kilipotutoa mashindanoni, yeye alifunga pointi 30 na kuokota ribaundi 16. Kisha akarudi kucheza mwaka mwingine. Nani kati yetu angethubutu kumwita msaliti?

Nimebakiza fedha, na hapa naomba wazazi wasikilize kuliko mashabiki. Inasemwa kwamba sasa kila mchezaji wa chuo ni tajiri. Ni kweli kwamba tangu Julai 2021 wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na sura zao, na tangu Julai 2025, baada ya Jaji Claudia Wilken kuidhinisha suluhu ya kesi ya House, ambayo wachezaji waliishtaki NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, chuo chenyewe kinaweza kuwalipa. Lakini kiwango cha juu cha mwaka wa kwanza, takriban dola milioni 20.5, ni cha michezo yote ya chuo, na mpira wa Kimarekani huchota sehemu kubwa. Vyuo havilazimishwi kulipa. Mchezaji wa kumi na mbili wa chuo kidogo anaweza kuambulia ufadhili wa masomo tu.

Zaidi ya hapo kuna karatasi. Kijana aliyeingia Marekani kwa viza ya mwanafunzi amebanwa na sheria za uhamiaji kuhusu kazi, hata NCAA ikimruhusu. Ndiyo maana Tshiebwe, akiwa mchezaji bora wa nchi nzima, alifanya shughuli zake za matangazo Bahamas, timu ilipokwenda kucheza huko Agosti 2022, kwa kuwa ndani ya Marekani viza yake ilimzuia. Mwenye ukaazi wa kudumu hana kizuizi hicho.

Mama mmoja wa hapa mtaani, ambaye mwanawe bado yuko sekondari na ameshaanza kupigiwa simu na makocha, aliniuliza achague chuo gani. Nilimwambia kabla ya jina la chuo aulize mambo matatu: nafasi ya mwanawe ina watu wangapi na wamebakiza miaka mingapi, ufadhili ni wa mwaka mmoja au zaidi, na kocha akiondoka ahadi gani zimeandikwa. Aliyaandika yote nyuma ya bahasha, akaenda nayo nyumbani.