Umechapa duara, katikati pamebonyea: mwale hauna kosa, molekuli ndo zimeisha

Watu wanaoanza kuchapa vitu vya nano (vya ukubwa wa nanomita, yaani sehemu za bilioni za mita) kwa mwale wa elektroni huja na picha moja ileile. Alitaka kiduara bapa, kapata kingo zimeinuka na katikati kuna bonde, halafu anauliza mashine ina nini, labda fokasi imekaa vibaya. Fokasi iko sawa tu. Kilichokosekana pale katikati ni malighafi, na kuelewa hilo inabidi uache kuutazama mwale uangalie molekuli zinavyotembea.

Kwa wasioijua hii kazi, ni hivi: ndani ya chemba ya darubini ya elektroni unaingiza kisindano chembamba kinachopuliza gesi karibu na sampuli, gesi ambayo molekuli zake zimebeba chuma, mfano platinamu. Molekuli zinatua juu ya uso zinajishika kidogo tu, sio kwa nguvu, zinakaa kamuda halafu zinabanduka kurudi kwenye vakyumu. Elektroni zikizikuta hapo zinazivunja, vipande vyepesi vinafyonzwa na pampu, chuma kinabaki pamoja na kaboni kibao (hiyo "platinamu" ikitoka tu mashinani sehemu kubwa ni kaboni, usidanganywe na jina). Viwandani mbinu hii inatumika kurekebisha maski (vibao vyenye mchoro) za kuchapia chipu, kwa hiyo sio mchezo wa maabara peke yake.

Sasa hesabu kidogo. Mkondo wa pikoampea 100 (pikoampea ni sehemu ya trilioni ya ampea) unashusha elektroni kama 620 kwa kila mikrosekunde moja. Chukua eneo la nanomita 10 kwa 10, tukadirie molekuli moja kwa kila nanomita ya mraba, hapo una molekuli 100 basi, na hiyo ni kama uso umejaa kabisa. Sio kila elektroni inavunja molekuli, nyingi zinapita tu na kazi kubwa inafanywa na zile elektroni za nguvu ndogo zinazotoka kwenye sampuli yenyewe, lakini ukiuacha mwale umesimama milisekunde nzima umemwaga elektroni 620,000 juu ya molekuli mia! Ni kisima unachochota haraka kuliko kinavyojaa, na ukishakausha hata uongeze mkondo vipi hupati kitu.

Kujaa kwenyewe kuna njia mbili. Ya kwanza gesi inatua moja kwa moja kutoka juu, na kwa mipangilio ya kawaida kuufunika uso upya hivyo ni suala la milisekunde, kwa mwale ni muda mrefu sana. Ya pili ndo mada yetu, difusheni ya usoni: molekuli zilizoko pembeni ambazo mwale haujazigusa zinaruka kutoka sehemu moja kwenda ya jirani kwa joto la kawaida la chumba, bila kubanduka, maana kuruka pembeni kunahitaji nishati ndogo kuliko kuondoka kabisa. Hakuna kinachozivuta, zinatangatanga tu huku na huku, ila kwa kuwa nje ziko nyingi na ndani zimekwisha, zinazoingia zinazidi zinazotoka.

Zinafika wapi? Zidisha kizigeu cha difusheni (namba ya jinsi molekuli zinavyosambaa haraka juu ya uso) kwa muda molekuli inaoishi juu ya uso, kisha toa kipeuo cha pili. Tuseme kizigeu ni mikromita 1 ya mraba kwa sekunde na muda ni mikrosekunde 100, unapata nanomita 10. Ongeza kizigeu mara kumi unafika nanomita 32 tu, sio 100. Basi kama duara lako lina upana wa nanomita 200, molekuli zinazoingia kutoka nje zinavunjwa hapohapo mlangoni kabla hazijafika katikati, ukingo unanenepa, katikati panaambulia zile chache zinazodondoka kutoka juu. Bonde lako ndo hilo.

Dawa yake ni subira. Mwale ukae mikrosekunde moja au chini ya hapo kila nukta, uhame, urudi baada ya milisekunde kadhaa, na nukta zifuatane kwa kurukaruka badala ya kubanana. Kazi inachelewa ndio, lakini umbo linatoka.

Na hata kama hujawahi kuingiza gesi yoyote, jambo hili umeshaliona. Ukikuza picha sana kwenye darubini halafu ukarudi nyuma unakuta kamraba keusi, mara nyingi kingo zake nyeusi zaidi. Ni mafuta ya vidole, gundi, mabaki ya vimiminika vya kusafishia, yanatembea juu ya uso yanaingia kwenye mwale yanageuka kaboni. Mwaka 1976 mtafiti Broers na wenzake pale kampuni ya IBM waliutumia uchafu huohuo kama kinga ya kufunika chuma wakati wa kukichonga, wakapata mistari ya chuma ya upana wa nanomita 8, sisi wengine tunahangaika kuufuta kwa plazma (gesi yenye chaji za umeme).

Kwenye nguzo ndefu za 3D mambo yanazidi kuwa magumu, molekuli za chini inabidi zipande ukuta mzima kufika kileleni, na kilele chenyewe kinapata joto la mwale ambalo halina pa kutorokea maana ile kaboni haipitishi joto vizuri. Joto linaongeza kasi ya kutembea, sawa, lakini linafupisha zaidi muda wa kukaa, molekuli zinabanduka mapema, kilele kinajengeka polepole, ndo maana mkono ulioupanga upande kwa mshazari unaanza kuinama kadiri unavyorefuka. Hapo mimi napunguza mkondo kwanza kabla sijagusa kitu kingine, au naongeza muda wa kila nukta kidogokidogo jinsi mkono unavyokwenda mbali na msingi.