"Majibu yote sahihi, mbona kakatwa maksi?"

Wazazi wa wanafunzi wangu wa tuisheni wameniuliza swali hilo mpaka nimeona niliandike. Hesabu inasema: jumlisha 3 na 4, zidisha kwa 2, kisha toa 5. Mtoto anaandika:

3 + 4 = 7 × 2 = 14 − 5 = 9

Tisa ni sahihi, lakini mstari umeharibika. Usome kwa sauti: 3 jumlisha 4 ni sawa na 7 mara 2. Yaani 7 ni sawa na 14! Kisha 14 nayo ikawa sawa na 9. Msahihishaji aliyekata maksi hana chuki na mtoto, amesoma kilichoandikwa.

Dhana potofu hapa ni kwamba alama ya = inaamuru "haya, toa jibu". Kikokotoo kinaikoleza: bonyeza, jibu hilo. Sivyo. Alama hiyo inatamka kwamba kilichopo kushoto na kilichopo kulia vina thamani moja. Robert Recorde, tabibu na mwanahisabati wa Wales, aliichapisha mwaka 1557 kwa sababu alichoka kurudia maneno "ni sawa na". Alichagua mistari miwili sambamba kwa hoja kwamba hakuna vitu viwili vinavyolingana kuliko hivyo.

Mpime mwanao leo kwa 8 + 4 = __ + 5. Akijaza 12, tatizo mnalo nyumbani (ni 7). Huyo akikutana na 2x + 3 = x + 10 atakwama, maana upande wa kulia hakuna "jibu" la kuokota. Dawa yangu ni moja na siibadilishi: kila mstari uwe sentensi moja kamili, na mtoto aisome kwa sauti kabla ya kushuka mstari wa pili. Mpe pia 12 = 8 + 4 ili azoee kuisoma kutoka upande wowote. Kikokotoo kikae kabatini kwanza.

"Hesabu anaziweza, ni mafumbo ya maneno tu yanayomshinda." Basi hajaziweza. Asha ana machungwa 12, ambayo ni 3 zaidi ya aliyonayo Juma; Juma ana mangapi? Mtoto akiona "zaidi" anajumlisha mbio, anapata 15. Juma ana 9. Kilichomwangusha ni kuwinda neno badala ya kusoma sentensi.

"Bila alama hakuna hisabati." Al-Khwarizmi, mwanahisabati wa Baghdad wa karne ya 9, alieleza aljebra kwa maneno matupu, bila x wala =.

"Namba husomwa vilevile duniani kote." Ujerumani 1.500 ni elfu moja na mia tano, na desimali hutengwa kwa mkato. Ukipokea ankara ya huko, hakikisha hilo kabla hujalipa.