Majani ya dawa na jua kali

Huku Tanga wengi tumekua tukiona majani ya dawa yanaanikwa juani, na imani ni kwamba jua likiwaka zaidi ndo dawa inakuwa na nguvu zaidi. Inaeleweka, maana unyevu wa pwani si mchezo, ukizubaa kidogo ukungu umeshaingia. Ila kwa majani, hasa yenye harufu kama kivumbasi na mchaichai, ile harufu ni mafuta na joto linayapaisha, halafu mwanga mkali unafifisha kijani na kwenye mlonge unapunguza vitamini A, kwa hiyo bora kivulini panapopita upepo, utandaze kwa wepesi sio kurundika, na uwe unageuzageuza. Mizizi na magome ni habari nyingine, hayo ni manene, unayakatakata kwanza ndo yakauke mpaka ndani.

Unataka kuhakikisha mwenyewe? Chuma kivumbasi asubuhi umande ukishakauka, gawa mafungu mawili, moja juani moja kivulini, yakifika pa kuvunjika vidoleni yafikiche unuse, angalia na rangi. Ukikuta madoa ya ukungu au harufu ya uvundo tupa lote, usipepete ukasema litafaa.