Pampu ya mpigo kwenye kigari cha gofu cha petroli

Vigari vya gofu vinavyobeba wageni na mizigo kwenye hoteli za Nungwi na Kiwengwa, Zanzibar, viko vya betri na viko vya petroli. Vile vya petroli vyenye kabureta, yaani kifaa kinachochanganya petroli na hewa, mara nyingi havina pampu ya umeme. Mafuta huvutwa na pampu ya mpigo, na fundi asiyeijua hiyo ataifungua kabureta bure.

Pampu yenyewe ni ndogo: utando laini ndani, na vali mbili zinazopitisha mafuta upande mmoja tu. Mpira mwembamba unaiunganisha na tumbo la mashine, pale inapozunguka krenki. Pistoni ikipanda, hewa ya tumboni hupungua na utando huvutwa; ikishuka, utando husukumwa. Kwa mvuto na msukumo huo petroli hutoka tangini na kwenda kwenye kabureta. Kwa hiyo mpira huo mwembamba, yaani mpira wa mpigo, ukipasuka, ukilegea au ukijaa oili, pampu haisukumi kitu ingawa yenyewe ni nzima. Anzieni hapo.

Kuipima si kazi kubwa, ila ifanyeni nje, mbali na moto na sigara. Inueni magurudumu ya nyuma kwa stendi imara, mzuie ya mbele kwa vigingi. Chomoeni waya wa plagi na muugusishe vizuri kwenye chuma cha mashine ili cheche isiruke. Chomoeni mpira wa mafuta kwenye kabureta, mtie ncha yake ndani ya chupa, kisha washeni ufunguo na mkanyage pedeli. Petroli ikitoka kwa kuruka-ruka, pampu ni nzima, tafuteni kwenye kabureta. Isipotoka, angalieni mpira wa mpigo, filta, na mpira unaotoka tangini. Huu wa tangini una hila: ukiwa na ufa hunyonya hewa bila kudondosha hata tone.

Halafu chomoeni kijiti cha oili mkinuse. Oili ikinuka petroli na kimo chake kimepanda, utando umetoboka na mafuta yanaingia tumboni mwa mashine. Msiiwashe tena hata kwa kujaribu, kwani oili iliyochanganyika na petroli haikingi vyuma. Badilisheni pampu na oili pamoja.

Kigari kinachokwenda vizuri kwa muda kisha kikazima, na baada ya kupumzika kikawaka tena, kifungueni kifuniko cha tangi pale pale kinapozima. Mkisikia hewa ikiingia kwa kishindo, tundu la kupumulia la kifuniko limeziba. Kinachokwenda kwa choki tu, yaani kibao kinachobana hewa inayoingia kwenye kabureta, kinakosa petroli; aghalabu jeti, kile kitundu cha kupitishia petroli ndani ya kabureta, imeziba. Ioshwe kwa dawa ya kabureta na upepo wa kompresa, isichokonolewe kwa waya wa chuma, tundu litapanuka. Moshi mweusi na plagi yenye masizi ni mafuta kuzidi: choki imeng'ang'ania, au filta ya hewa imejaa vumbi.

Filta ya mafuta ina mshale. Uelekee kwenye kabureta.

Wakati wa masika, hoteli nyingi zinapofungwa, petroli iliyobaki kwenye kabureta hugeuka ulimbo. Kabla ya kukilaza kigari, fungueni skurubu iliyo chini ya bakuli la kabureta mafuta yatoke yote. Siku ya kukiamsha, toeni petroli kidogo kutoka chini ya tangi kwenye chupa inayoonyesha ndani na muiache itulie. Maji, kama yamo, yatajitenga chini, na hapo tangi zima limwagwe na kukaushwa kabla ya kutia mafuta mapya.