Je, wajua kwa nini behewa likichomoka kwenye treni linasimama lenyewe?

Treni ya Kampala-Namanve ikiwa imesimama, chungulia pale behewa na behewa zinapokutana utaona mpira mweusi mnene unaning'inia, umeungwa katikati kwa vyuma. Wengi wanadhani unapitisha mafuta au maji, kumbe ndani ni upepo tu, na huo upepo ndio unaamua treni itembee au isitembee.

Sasa akili ya kawaida inakwambia dereva akitaka kusimama anasukuma upepo uende kwenye magurudumu. Wapi! Ni kinyume kabisa. Bomba linalopita treni nzima kupitia mipira hiyo likijaa upepo, kama presha ya baa 5 hivi, breki zinaachia, ukipungua zinashika. Madereva wa trela wanaopanga foleni mpakani Malaba hili wanalishika haraka maana gari lao nalo halitoki mpaka geji ya upepo ipande, ila kwao kinachobana ni springi, kwenye treni kila behewa lina tenki lake la upepo pamoja na vali, na hiyo vali ikiona presha ya bomba imeshuka inafungulia upepo wa tenki uingie kwenye silinda, breki zinabana. Kwa hiyo mpira upasuke, behewa lichomoke, au abiria avute breki ya dharura, kwa vali yote ni sawa tu, upepo umetoka, simama.

Vali hiyo aliitoa Mmarekani George Westinghouse mwaka 1872. Ile breki yake ya kwanza ya 1869 ilikuwa ya kusukuma upepo moja kwa moja, mpira ukikatika huna breki, basi tena.

Uingereza walijifunza kwa damu. Tarehe 12 Juni 1889 kule Armagh, Ireland, treni iliyojaa watoto wa Sunday school ilishindwa kupanda mlima, wakaamua kuikata vipande viwili, na breki zake hazikuwa za kujishika zenyewe, mabehewa ya nyuma yakaserereka kinyumenyume yakagongana na treni iliyokuwa inakuja. Watu 80 walikufa. Mwaka huohuo sheria ikapita, treni za abiria lazima ziwe na breki za kujishika.

Ila hata upepo wa kwenye silinda, ule unaobana breki, unavuja jamani, na hapo ndipo wengi wanajisahau. Julai 2013 huko Lac-Mégantic, Canada, treni yenye matenki 72 ya mafuta iliachwa imepaki mlimani usiku, injini ikashika moto kidogo, zimamoto wakaizima, na injini ikishazimwa hakuna wa kujaza tena huo upepo unaobana, breki zikalegea taratibu. Breki za mkono zilikuwa zimefungwa 7 tu. Treni ikateremka yenyewe mpaka mjini, wakafa watu 47.

Na dereva mwenyewe je, akizimia? Kuna pedali anayotakiwa kuikanyaga muda wote, akiiachia breki zinashika. Safi, lakini mwaka 2003 karibu na Waterfall, Australia, dereva alipata shambulio la moyo na uzito wa miguu yake ukaendelea kukandamiza pedali, treni ikapinduka kwenye kona, wakafa watu 7. Ndiyo maana injini nyingi siku hizi zina kifaa cha kumchokoza dereva: asipogusa kitu kwa muda taa inawaka, kisha kengele inalia, na akinyamaza tu, mashine inaachia upepo wa bomba utoke.